Mawe Juu ya Paa la Azaiba

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bomba la paa, na mvua haikunyesha. Nilikuwa narudi msikitini baada ya alasiri. Nikasimama nje ya geti langu, hapa Azaiba, Maskati, nikayatazama yanavyoteremka ukutani na kujifanyia njia kwenye vumbi mpaka barabarani. Miezi mizima mbingu ilikuwa kavu. Nikainama, nikachovya vidole, nikanusa. Karafuu maiti.

Nikajua palepale kuwa mke wangu yuko juu, na nikajua anafanya nini.

Magoti yangu hayapendi ngazi, lakini siku ile sikuyasikia. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda cha jikoni, karai mbele yake, majani ya mkunazi yaliyopondwa yanaelea na povu limejaa. Jiwe moja amelipakata. Analimwagia maji kwa kopo, anapitisha kiganja upande wa kulia, taratibu, kisha upande wa kushoto, kisha analimwagia tena. Yale aliyokwisha kuyaosha alikuwa ameyapanga juu ya shuka nyeupe. Hakuinua uso.

Mimi ni mtu wa kusema. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na mimi anajua, na wengine wamenikimbia kwa ajili hiyo. Siku ile sikusema kitu. Niligeuka nikashuka.

Mawe yale yalikuwa ya binti yetu, na amri aliyoiacha juu yake ilikuwa moja tu: yasiguswe na mtu.

Sikusoma. Naliweka hilo mbele ili anayesoma asitafute humu maneno makubwa. Nilitoka Unguja kijana, nna juzuu chache kichwani na madarasa machache ya skuli, nikafika Maskati wakati mji huu unajengwa na kila mwenye mgongo anatakiwa. Mgongo nilikuwa nao. Nilibeba mifuko ya saruji Ruwi, nikachanganya zege, nikajifunza kufyatua matofali, kishapo nikafungua kiwanda changu mwenyewe. Nyumba nyingi za Azaiba zimesimama kwa matofali yangu, na sijaitwa kutazama ufa hata siku moja. Sikurithi, sikubebwa, na sikumchekea mtu ili nile.

Mungu alitupa mtoto mmoja, wa kike. Tangu anang'oka meno ya utoto alikuwa akija na mimi kiwandani, anakaa juu ya rundo la mchanga na kuuliza maswali. Kuna mara moja dereva wangu, badala ya kwenda kuchota mchanga wa wadi, yaani bonde la mto mkavu, alikwenda Quriyat akachota wa pwani, kwa sababu ulikuwa karibu na njia yake na alikuwa na haraka zake. Sikujua. Matofali yalipokauka yakatoka ukungu mweupe, kama mtu kayanyunyizia unga. Nikalamba moja. Chumvi.

Nikawaambia wayavunje yote. Msimamizi wangu, Mhindi, mtu mzuri, akanivuta pembeni. "Arbab," akasema, ndivyo wanavyomwita tajiri huku, "tuyauze kwa watu wa kuta za uani. Tukiyapiga brashi, nani atajua?"

Nikachukua nyundo nikaanza mwenyewe.

Binti yangu alikuwa juu ya mchanga wake ananitazama. Jioni garini akaniuliza, "Baba, chumvi imeingiaje ndani ya tofali?"

"Imeingia na mchanga."

"Na inatokaje?"

"Haitoki."

Alikaa na jibu langu miaka. Alipokuwa mtu mzima, na vyeti vyake, akanirudia nalo mezani tunakula. "Baba, uliniambia chumvi haitoki. Inatoka. Na ikitoka, inatoka na ngozi ya jiwe."

"Miaka yote hiyo unanidai jibu?" nikamwambia.

"Nilikuwa natafuta ushahidi," akasema, na mama yake akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Alisomea maradhi ya mawe. Sina jina jingine la kuliita. Kama jengo ni la kale na linaumwa, yeye ndiye daktari. Alianza na ngome na minara ya huku, na kitu cha kwanza alichokigundua, kwa bahati yangu mbaya, ni kwamba waliozikarabati zamani kwa saruji ya mifuko ndio waliozitia ugonjwa. Saruji inaziba, unyevu unabaki ndani na chumvi yake, ukuta unaoza kwa ndani. Akaja kuniambia mimi hayo, mimi mwenye kiwanda.

"Saruji unayoitukana ndiyo iliyokusomesha," nikamwambia.

"Najua, baba. Ndiyo maana nasema kwa adabu."

Kisha akaja na habari ya hekalu. Liko Kambodia, msituni, lilijengwa na Wakhmer wa kale kwa jiwe la mchanga, jiwe laini lenye matabaka kama chapati ya kusukuma. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameungana kuliokoa: wenyeji wenyewe kwanza, kisha Wajapani, Wahindi, Wafaransa, na chuo kimoja cha hapa Maskati, ambacho yeye ndiye alikuwa mtu wake. Kila mmoja kaleta anachokijua. Wetu walileta ule udongo wa kale wa mifereji ya falaji, udongo unaochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa. Waarabu wa huku wanauita saruj. Hauna ukaribu na saruji ya mifuko ila jina. Yeye aliona mafundi wa kale wakiziba nao mifereji inayopitisha maji mwaka mzima, na akafikiri kuwa ukipikwa vizuri na kusagwa laini sana unaweza kupenyezwa nyuma ya ngozi ya jiwe inayobanduka, ukaishika bila ya kuliziba pumzi.

Nilimuuliza nililomuuliza. "Maskati nzima imekosa jengo bovu mpaka ukatibu nyumba ya masanamu?"

"Mimi sisujudu, baba. Natibu jiwe."

"Watu msikitini wataniuliza."

"Wageuzie mazungumzo, waambie unacholipia umeme kiwandani; wakiuliza tena waambie mimi nna miaka thelathini na ushei."

Hiyo ndiyo adabu niliyomlea nayo. Wakaniuliza kweli, na nikawajibu vibaya kuliko alivyonifundisha.

Alinionyesha picha kwenye simu. Mlango wa mnara, na pembeni ya mlango mwanamke amechongwa ukutani, ua mkononi, nywele zimesukwa juu. Nusu ya uso wake ilikuwa imekwisha kubanduka na kuanguka. Nusu iliyobaki ilikuwa imeachana na ukuta. Binti yangu alisema ukigonga kwa ukucha unasikia uwazi nyuma yake. Akamwita bibi wa mlangoni. "Mvua nzito moja tu, baba, au mbili. Kisha hana uso." Kazi yake yote ilikuwa hiyo: kumbakisha yule mwanamke na nusu uso.

Nikauliza kwa nini wasimchonge upya. Mafundi wapo.

"Hatufanyi hivyo. Palipopotea tunapaacha, au tunaweka jiwe jipya tupu, lisilo na nakshi, ili mtu akitazama ajue pamepotea. Hatumdanganyi mtu."

Hilo nililielewa bila ya kufundishwa.

Wenzake hawakukubali udongo wake kwa maneno. Ndio kazi yao, hawaaminiani mpaka waone, na mimi niliwapenda kwa hilo ingawa sijawaona. Wakakata vipande vya jiwe la machimbo ya kulekule, ukubwa wa nusu tofali, wakavifanyia nyufa, wakavijaza udongo: vingine wa binti yangu, vingine mchanganyiko mwingine waliokuja nao Wazungu. Fungu moja likawekwa pale hekaluni. Fungu moja likafungiwa maabara. Fungu la tatu likaja Maskati, juu ya paa langu, kwa sababu ya hewa ya bahari. Kule hekaluni chumvi inatoka kwenye ardhi na kwenye mavi ya popo. Hapa Azaiba inakuja na upepo, usiku na mchana. Kinachokula jiwe kule kwa miaka mingi, hapa kinakula kwa michache.

"Kwa hiyo paa langu ni sawa na mavi ya popo," nikasema.

"Bora zaidi, baba. Ni haraka."

Aliyapanga mwenyewe, kila moja na alama yake ndogo ya shaba, juu ya vigingi vya mbao. Akanionyesha jinsi ya kulijua jiwe linavyolala. Ardhini lilikuwa limelala kwa matabaka yake, na ukilijenga lazima ulilaze vilevile. Ukilisimamisha matabaka wima, maji yanaingia baina yake na linabanduka kama kitabu kilicholowa. Mafundi wa kale wa lile hekalu walikuwa hodari kushinda wote, na bado mawe mengine waliyasimamisha, na hayo ndiyo yaliyotangulia kuugua. Bibi wa mlangoni alikuwa mmoja wao.

Kisha akaniambia amri yake. Mimi mfyatua matofali, maisha yangu yote ni kumwagia maji. Tofali bichi usipolimwagia linakufa. Alinijua. "Baba, haya usiyamwagie. Usiyafunike, usiyapanguse. Yakichafuka yaache, yakinyeshewa yaache. Lile vumbi ndiyo hesabu yenyewe. Likiondoka, hatuna kitu." Alisema pale juu ya paa, mimi na yeye, mama yake yuko chini anapika. Nikadhani nimeambiwa mimi peke yangu.

Nikawa namzuia kila mtu. Fundi wa tangi la maji alipopanda nilisimama naye mpaka akashuka.

Alikuwa akienda na kurudi. Safari ya mwisho akashikwa na homa kule. Wenzake wakampeleka hospitali ya mjini, na simu ilipokuja alisema mwenyewe: "Homa tu, baba. Usimwambie mama akaanza." Simu iliyofuata hakusema yeye. Alisema mwanamke wa kule, Mkhmer, mhandisi aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega. Kiingereza changu ni cha saiti, cha kuagizia kokoto. Nilielewa neno moja na likanitosha.

Hapa lazima nimtaje mke wangu alivyo. Katika jamaa zetu hapa Maskati, akifariki mwanamke, anaitwa yeye. Amemwosha mama yangu. Amemwosha mama yake. Amewaosha majirani, na watoto wachanga, na bibi mmoja wa Ruwi aliyekuwa hana mtu. Hapokei hata asante. Anakuja na mfuko wake: mkunazi, karafuu maiti, pamba, udi. Watu husema mkono wake mwepesi. Basi simu ile ilipokwisha alikaa kitako sakafuni kiasi, kisha akainuka akaanza kutayarisha. Akakata kafani. Akaloweka mkunazi. Akaomba chumba cha chini kifagiliwe.

Sanduku likafika limefungwa na kupigwa muhuri, na watu wa afya wakasema lisifunguliwe. Mtoto alikuwa amekwisha kuoshwa na kukafiniwa kulekule. Yule mwanamke Mkhmer, ambaye dini yake si yetu, alikwenda mwenyewe mpaka kijiji cha Waislamu wa kule, Wacham, akawaomba wanawake waje kumsitiri mwenzake. Wakaja. Mungu awalipe wote. Tukamzika jioni ileile, na sanduku lake.

Mke wangu aliniuliza tulipobaki peke yetu. "Nani kamwosha?"

"Wanawake wa Kiislamu wa kule."

"Wanajua kuosha?"

"Wanajua."

"Umewaona?"

Mkunazi ulikaa kwenye ndoo chumba cha chini mpaka ukanuka, na hakuna aliyethubutu kuumwaga.

Hakulia. Watu walikuja matangani, wakalia, yeye akawa anawapa maji ya kunywa. Wiki zikapita hivyo. Halafu ikaja ile alasiri ya maji kwenye bomba la paa.

Sikumwambia alichokifanya. Nilijisemea kuwa hajui. Amri nilipewa mimi, nilikuwa nayo mimi, na yeye aliona mawe ya mwanawe yana vumbi akayaosha kama mama yeyote. Nikaapa moyoni kuwa hatajua maisha yake yote. Mke wangu amepoteza mtoto. Sitamwongezea na hili, kwamba mkono wake mwenyewe ndio umefuta kazi ya mtoto. Mimi ambaye sijawahi kumfichia mtu kitu, nikawa nna kitu cha kuficha.

Kisha yule mwanamke akapiga simu kuwa anakuja Maskati. Anakuja kutoa pole, na anakuja kuyasoma mawe. Mafungu mawili wamekwisha kuyasoma, na udongo wa binti yetu umesimama vizuri. Limebaki la Azaiba. Nalo likikubali, kabla mvua hazijaanza, watamtibu bibi wa mlangoni kwa udongo huo.

Nilimpokea uwanja wa ndege mwenyewe. Mwanamke wa makamo, mfupi, viganja vigumu kama vyangu. Nilipomshika mkono nikajua ni mtu wa kazi. Akaniita "ta", kwao ndiyo babu, heshima ya mtu wa umri wangu. Mimi sina mjukuu wala sitampata, lakini nilimwachia aniite.

Tulipofika mtaani kwetu nilisimamisha gari kabla ya nyumba. Nikamwambia. Kwa Kiingereza changu kibovu na mikono yangu: mke wangu ameyaosha, yote, kwa maji na majani, hana habari kuwa ni makosa.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Basi hayasomeki."

"Kidogo kimebaki, pengine, kwenye nyufa."

"Hapana, babu. Hayasomeki."

Sasa nitaandika nililosema, kwa kuwa nililisema. Nilimwambia, "Piga picha zako, pima uzito wake, andika unachotaka. Jiwe bado liko zima, nimeliangalia, halikubanduka. Udongo wake mzuri, wewe unajua na mimi najua. Nani atajua kuwa yameoshwa?"

Neno likatoka kinywani mwangu, na nikamsikia yule msimamizi wangu wa zamani kama amekaa kiti cha nyuma.

Yule mwanamke hakukasirika. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akanihadithia kuwa msimu mmoja mlinzi wa hekalu, mzee wa watu, aliona mvua inakuja akayahurumia mawe ya majaribio, akayafunika nailoni. Si muda mrefu. Binti yangu alipojua, aliyatoa mawe yote yale kwenye hesabu, kazi ya msimu mzima, akaanza upya. Wenzake wakamsihi. Walimwambia ni saa moja tu, hakuna atakayejua. "Akatwambia, 'Baba yangu angeyavunja kwa nyundo.' Sisi hatukuelewa maana yake."

Niliegemeza mikono kwenye usukani. Kwa hiyo alikuwa ameiona ile nyundo, na alikuwa ameichukua.

"Yatoe," nikamwambia. "Yatoe yote kwenye hesabu. Lakini mke wangu asiambiwe. Hilo tu nakuomba."

Akakubali.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kutandika. Kahawa, tende, halua, ubani unafuka. Mgeni alipoingia, mke wangu hakumpa mkono kama tunavyopeana. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Nikajua anatafuta nini. Ilikuwa mikono ya mwisho, katika watu anaoweza kuwaona, iliyomgusa mwanawe akiwa hai.

Tukakaa. Mke wangu Kiingereza hakijui kabisa, mgeni Kiswahili hakijui wala Kiarabu, basi mimi nikawa daraja baina yao, daraja bovu. Pole zikatolewa, zikapokelewa. Kikombe cha pili cha kahawa mke wangu akasema, "Muulize, mawe ya mwanangu yanasemaje."

Sikumuuliza mgeni kitu. Nikasema, "Anasema ni mazima."

"Hujamuuliza."

"Kaniambia garini."

"Alisema ni mazima?"

"Alisema ni mazima, kazi inaendelea."

Mke wangu akaweka birika chini. "We bwana. Miaka yote tumekaa pamoja, leo ndio unajifunza uongo? Hata hujui pa kutazama."

Mgeni alikuwa anatutazama kwa zamu.

"Najua hayaguswi," mke wangu akasema. "Aliniambia mwanangu, kama alivyokwambia wewe. Aliniambia jikoni, mara mbili, kwa kuwa alikuwa ananijua, naosha kila kitu. 'Mama, hata vumbi, usiondoe.' Nilijua siku ile napanda na karai. Sikukosea."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lile hekalu lina watu. Lina Wajapani, lina Wahindi, lina serikali, lina huyu hapa. Likiharibika kidogo watakutana watalitengeneza. Mwanangu alikuwa na mimi tu wa kumwosha. Nimewaosha watoto wa watu mji mzima, wangu nikapewa sanduku. Nilikuwa nna kitu gani chake kingine cha kuosha? Nguo zake zilikuwa safi."

Akanielekezea mgeni kwa kidevu. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Yote. Kama nilivyosema, usipunguze."

Nikamwambia mgeni. Sikupunguza. Palipokosekana neno nilitumia mikono, na mikono ilijua zaidi. Alipokwisha kuelewa aliinamia kikombe chake, na mimi nikafikiri amekasirika, na angekuwa na haki. Kazi ya miaka yake pia ilikuwa juu ya paa langu.

Kisha akasema, nami nikamgeuzia mke wangu neno kwa neno: "Nilikuwepo. Wale wanawake walipokuja, hawakuniruhusu kuingia, na walikuwa sahihi. Nilikaa mlangoni. Lakini hospitali ile ilikuwa haina mtu wa kuwaletea maji. Maji niliyabeba mimi."

Mke wangu akasogea mbele kwenye mkeka. "Muulize. Yalikuwa baridi?"

Nikamuuliza.

"Kwanza yalikuwa baridi," mgeni akasema. "Yule mkubwa wao aliyatia mkono, akanirudishia. Nikaenda kuyapasha. Akayajaribu kwa kiwiko, kama unavyojaribu maji ya mtoto, akakubali."

Nikageuza. Mke wangu akauliza tena kama amesikia sawa: kwa kiwiko? Mgeni akakunja mkono akaonyesha kiwiko chake.

"Basi wanajua," mke wangu akasema, na hapo ndipo alipolia. Tangu simu ile ya kwanza, ndipo alipolia. Mgeni hakumshika, hakumnyamazisha. Akasubiri.

Baadaye tulipanda juu sote watatu. Mawe yalikuwa meupe, safi, mabaya kwa usafi wake. Mgeni aliyapitia moja moja, akichuchumaa, na mara nyingine akitikisa kichwa kwa jinsi yalivyosimama imara; aliona alichokiona, ingawa hawezi kukiandika. Akamwomba mke wangu, kwa ishara, amwonyeshe alivyofanya. Mke wangu akamwonyesha bila ya maji: kulia kwanza, kisha kushoto, kisha yote. Mgeni akasema hata kwao maiti huoshwa, kwa maji yenye maua, na yeye alimwosha mamake. Nikageuza hilo pia.

Kisha akaona jiwe moja la pembeni. Mke wangu alipolirudisha juu ya vigingi alikuwa amelisimamisha, matabaka wima. Hata mimi niliyefundishwa sikuliona. Mgeni hakuligusa. Akamwonyesha mke wangu mistari yake kwa kidole, kisha akafunua kiganja, akakilaza. Mke wangu alielewa kabla sijafungua mdomo. Akalichukua jiwe kwa mikono miwili, akaligeuza, akalilaza ubavu wake, akaweka kiganja juu yake kidogo, kama afanyavyo kila akimaliza.

Bibi wa mlangoni wamemtibu kwa ule mchanganyiko wa Wazungu. Mgeni alinitumia picha. Nusu uso imebaki ukutani, na palipopotea pamewekwa jiwe tupu. Sijui utashika mvua ngapi. Mimi ningetia udongo wa binti yangu, lakini mimi sikuulizwa, na sikustahili kuulizwa. Wenzake wamesema mawe ya Azaiba yaanze hesabu mpya tangu siku yalipooshwa; yatasomwa baada ya miaka, na mtu atakayekuja kuyasoma huenda akanikuta na huenda asinikute.

Vumbi limeanza kurudi, na chumvi yake. Mke wangu hupanda jioni kuyatazama. Namwona kutoka chini, anapita baina yake polepole, mikono yake ameifungia nyuma ya mgongo, anaishika mwenyewe.